Seva iliniambia, mimi nikaiambia inyamaze

Inboksi yangu imejaa swali moja: uliachaje kampasi na bado unalipa kodi? Hiyo nitajibu siku ingine. Leo nataka kuwaambia vile nilikaribia kurudi ushago juu ya mstari mmoja kwenye faili ya seva. Mstari wenyewe unaitwa LOG_LEVEL.

Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya madam mmoja anayeuza sare na viatu vya shule. Alitaka tovuti, mzazi achague saizi, alipe na M-Pesa, mzigo uende na boda. Nikaijenga na Laravel, nikakodi seva ndogo ya diski ya GB 25. Mimi huyo, fundi.

Kwa wale hawajui, programu ya seva huwa inaandika daftari la kila kitu inachofanya. Hiyo ndiyo logi. Na kila mstari una uzito wake. Kuna madaraja 8, kutoka 0 hadi 7, na namba ikiwa ndogo ndio mambo ni mabaya. Fikiria soja wa ploti yenu amepewa namba yako ya simu. Kwa daraja la 7, debug, anakupigia kusema amefungua geti, amefunga geti, paka amepita. La 6, info: mpangaji wa chumba cha 9 ameingia. La 5, notice: kuna lori la kuhamisha vitu, si kawaida lakini wana ruhusa. La 4, warning: tangi la maji limebaki robo. La 3, error: bomba la chumba cha 4 limepasuka. La 2, critical: pampu imekufa, ploti nzima haina maji. La 1, alert: moshi unatoka kwa boksi ya stima, kuja saa hii. Na 0, emergency, ploti inaungua.

Ukiweka LOG_LEVEL unamwambia soja: nipigie kuanzia hapa, madogo chini yake usinisumbue. Ni hivyo tu.

Sasa, faili ya mfano ambayo Laravel inakupa huja na LOG_LEVEL=debug. Ukiwa unajenga kwa laptopu yako ni sawa, unataka kusikia mpaka paka. Mimi nikaipeleka hivyo hivyo kwa seva ya watu. Tena nikaongeza mambo yangu, nikaiambia iandike kila ombi linaloingia, mwili wote, pamoja na picha za viatu ambazo madam alikuwa anapakia kila jioni. Na yote yaliingia faili moja tu isiyozungushwa. Mwezi wa Desemba, Jumapili asubuhi, tovuti ikalala. Nikaingia kuangalia, diski imejaa pomoni. Faili moja, laravel.log, ilikuwa imekula GB 19. Hifadhidata haikuwa na mahali pa kuandika hata oda moja.

Na si nafasi tu. Nilipoifungua niliona namba za simu za wazazi na majina yao, wazi kabisa, maelfu ya mistari. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mimi nilikuwa nimeacha hayo mambo kwa faili ambayo hata sikukumbuka iko. Nilifuta nikitetemeka.

Halafu nikafanya kosa la mtu aliyeshtuka. Nikaweka LOG_LEVEL=error. Kimya. Raha. Nikajiambia kama faili ni tupu basi hakuna shida.

(Kuna msee namjua alitaka kimya kama hicho kwa Nginx, akaandika error_log off. Ile access_log inazimika ukiandika off. error_log haizimiki, inakutengenezea faili inayoitwa off na kuendelea kuandika humo. Alishinda siku nzima akishangaa.)

Shida yangu haikuwa hiyo error, hata. Seva nyingi huwekwa hapo au kwa warning. Shida ni kwamba uzito wa mstari unaamuliwa mara mbili. Anayeweka LOG_LEVEL anaamua asikie nini, lakini kabla yake anayeandika kodi ameshaamua kitu fulani ni kizito kiasi gani. Huku mimi ndiye nilikuwa wote wawili, na hatukuwa tumeongea.

Ndani ya kodi ya malipo nilikuwa nimeandika hivi: pesa ikiingia na namba ya simu isilingane na oda yoyote, andika info, endelea. Info! Nilinakili mstari wa juu yake bila kufikiria. Na pale nilipokuwa nageuza namba za simu, nilishughulikia zinazoanza na 07 peke yake. Namba za 01 nilizisahau. (Ndiyo, najua, ningelinganisha na namba ya ombi lenyewe la malipo. Sikujua wakati huo.)

Januari ikafika, wiki ya kufungua shule. Siku nne mfululizo kila mzazi mwenye namba ya 01 alilipa, pesa ikaingia kwa madam, na oda ikabaki "haijalipwa". Watu 11. Seva iliandika kila moja kama info, na info nilikuwa nimeikataza kuongea.

Madam alinipigia Jumatatu saa moja asubuhi. "Kijana yangu, kuna mama ananililia kwa simu. Mtoto ameenda shule na viatu vya mwaka jana, vimefunguka mbele. Anasema alilipa Alhamisi." Nikasema ngoja niangalie. Nikaangalia logi. Tupu. Nikarudisha daraja hadi info, tukajaribu na laini ya 01, mstari ukatokea mara moja.

Nilipomweleza, aliuliza swali moja tu. "Kwani hiyo mashine haikukuambia?"

Nilimwambia ukweli: iliniambia, lakini mimi ndiye niliiambia inyamaze. Alinyamaza pia. Kisha akatuma boda 11 na pesa yake, na mimi nikamrudishia kidogo kidogo hadi Machi.

Saa hii pesa ikiingia bila oda, hiyo ni error, na inakuja kwa simu yangu hata saa nane usiku. Mambo ya malipo yana faili yake peke yake, kuanzia info. Mengine yanaanzia warning, faili mpya kila siku, na baada ya siku 14 ya zamani inafutika. Namba za simu zinaandikwa tarakimu tatu za mwisho pekee.

Madam bado hajui logi ni nini. Lakini kila Jumatatu saa moja ananipigia: "Imesema nini?" Nami huwa nimeshasoma.