Pikipiki na Mkono wa Salamu

Waswahili hawakukipa chombo hiki jina la umbo lake wala la nchi kilikotoka. Walikisikiliza kwanza, kisha wakakiita kwa mlio wake: pikipiki; na wengine, hasa wazee, tukutuku. Baiskeli na motokari ni majina ya kuazima. Hili tumelitunga wenyewe kwa sikio, kama mshairi apimavyo sauti ya neno kabla ya kulipa nafasi katika ubeti.

Yangu ilikuwa Honda C70, wa ukoo wa zile Honda ndogo zilizoanza kuundwa Japani mwaka 1958, ambazo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa milioni 100. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 72, na gia zake tatu. Niliinunua Wete, kisiwani Pemba, kwa fedha ya misimu miwili ya karafuu, ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa wenyewe wawili. Rangi yake ya buluu ilikuwa imechujuka kwa jua na chumvi ya bahari, lakini kiki moja ilitosha kuiamsha.

Abiria wangu mkuu alikuwa babu mzaa mama, mtu wa mashairi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika. Kila baada ya wiki mbili nilimpeleka Makangale kwa dada yake, kwa njia ya Konde na msitu wa Ngezi. Hakuwa akiuliza tulipo. Harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini ilimwambia kuwa tumekaribia nyumba za watu. Ubaridi wa ghafla na harufu ya majani mabichi vilimwambia kuwa tumeingia Ngezi. Hapo husema, "Punguza, mjukuu wangu, popo wamelala."

Siku moja nilimweleza kwamba injini ile hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa na petroli, kubana, kuwaka, kisha kutoa moshi. Akacheka, akasema basi hiyo ni tarbia, kwani ubeti wake nao una mishororo minne. Tangu hapo akawa mhakiki wa injini yangu. Tukianza kupanda kilima na mlio ukalemea, hunigonga begani: "Ubeti huu mzito, shusha gia." Plagi ikishika masizi na mlio ukawa wa kukatikakatika, hutoa hukumu: "Leo mashine yako imepungukiwa mizani." Wala hakukosea.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi ni mikono. Honda ile haikuwa na klachi ya mkononi. Gia zilibadilishwa kwa mguu tu, na mkono wa kushoto haukuwa na kazi ila kushika usukani. Hata hivyo, nani atamwamkia mzee kwa mkono wa kushoto? Mkono wa kulia ndio wa salamu, na huo huo ndio uliozungusha mpini wa mafuta. Kila nilipounyanyua, mafuta yalipungua, mwendo ukalegea, na mlio ukashuka kiasi cha kumsikia anayejibu. Adabu ilikuwa ndiyo breki yetu ya kwanza. Hapakuwa na baraza tuliyoipita bila ya kupunguza mwendo.

Kwa babu, hiyo ilikuwa ndiyo namna ya kuwaona watu. Aliwajua wote kwa sauti zao: huyu amepona kikohozi, yule ana jambo moyoni. Safari moja, tulipokwisha kupita baraza fulani, alinigonga bega akaniambia nirudi. Kulikuwa na sauti iliyokosekana pale mara mbili mfululizo. Tulirudi, tukaambiwa mwenyewe yu ndani, hajainuka kitandani kwa siku kumi. Babu aliketi naye hadi alasiri, wakikumbushana beti walizojibizana ujanani. Hawakukutana tena; mzee yule alifariki kabla ya safari yetu iliyofuata.

Babu naye alimfuata baada ya masika mawili. Honda niliiuza kwa fundi aliyehitaji vipuri vyake, na sikununua nyingine.

Pikipiki za leo visiwani ni nyingi na zenye nguvu zaidi. Sizibezi: zinawahisha wagonjwa na kuwalisha vijana wengi. Washairi wetu wameimba sana jahazi na ngalawa. Wenye kupenda tungo wangefanya wema kukipa ubeti wake chombo hiki kidogo pia, maana nacho kilibeba habari za watu kutoka baraza hadi baraza.

Siku hizi nipitapo Konde ndani ya gari, huteremsha kioo na kumwomba dereva apunguze mwendo. Mikono hunyanyuliwa barazani, nami hunyanyua wangu wa kulia, nikisikiliza ni sauti gani haimo.