Kitulo na watoto: maua yanayofanana si ndugu wa tabia

Ukitoka Mbeya mjini kupitia Isyonje, barabara inapanda mpaka unafunga zipu ya koti. Juu huko ndiko Kitulo, uwanda ulio zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake. Zipo aina zipatazo 350, zikiwamo okidi 45.

Nenda wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Wageni wengi hukimbilia okidi, lakini mzazi mwenye watoto aanze na jamii ya alizeti, kwa kuwa ipo kila kona, hata nyuma ya choo cha nyumbani.

Mwonyeshe mtoto ua la alizeti. Analoliona kama ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyokaa pamoja. Kila jani la njano la pembeni ni ua, na kila kijidude cha katikati ni ua linalotoa mbegu yake. Mkishajua hilo, mtagundua kuwa kishona nguo anayeng'ang'ania soksi ni wa jamii hiyo. Letusi pia imo.

Kujua jamii ni rahisi, kujua aina ndiyo kazi. Tazameni majani yamekaa mawilimawili au kwa kupishana, yana meno au hayana, na mbegu ina manyoya au miiba. Rangi ya ua peke yake hudanganya.

Mkishuka Chimala na kushika barabara kuu ya Iringa, mtapita Mafinga, kunakosindikwa pareto. Ua lake ni jeupe lenye kitovu cha njano, zuri la kuweka mezani, lakini ndani yake mna sumu ya wadudu. Dawa zinazowekwa kwenye vyandarua zilitengenezwa kwa kuiga sumu hiyo.

Hapo ndipo suala la afya linapoingia. Baadhi ya ndugu wa alizeti wana sumu inayoharibu ini polepole. Miaka ya 2000, huko Tigray, Ethiopia, watu waliumwa na kuvimba matumbo, na wengine wakafa. Uchunguzi ulionyesha kuwa mbegu za gugu la jamii hii zilichanganyika na nafaka yao. Gugu hilo huota hata mashambani kwetu.

Kwa hiyo, mzazi, zingatia haya:

• Peta na uchague nafaka vizuri kabla ya kusaga.

• Chuma mboga za porini unazozijua tangu jani hadi ua. Kama una shaka, acha.

• Usimnyweshe mtoto majani usiyoyajua kwa sababu tu jirani kasema yanatibu tumbo. "Ya asili" haina maana kwamba ni salama.

• Mtoto akila mmea usiojulikana, usimtapishe. Mwahishe kituo cha afya na ubebe tawi lenye majani na ua. Litamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Hifadhini hairuhusiwi kuchuma, basi piga picha: ua kwa juu, ua kwa chini, jani na shina. Picha nne za mmea mmoja zitawafundisha watoto kuliko picha mia za mandhari.