Likizo ya Wajukuu na Swali la Kibla



Kila mwaka shule zifungwapo kwa likizo ya Desemba, nyumba yetu ya Mombasa huacha kuwa nyumba ya wazee wawili. Magodoro hutandikwa ukumbini, viatu hujaa mlangoni, na mahamri ambayo yangetutosha siku mbili humalizika kabla jua halijapanda. Wajukuu wetu ni 9. Mkubwa ana miaka 14 na mdogo angali anatambaa. Ahali yetu husema kwamba kelele zao ndizo dawa ya magoti yake, kwani siku hizo hatumsikii akiyalalamikia.

Likizo iliyopita ilianza vibaya, na walioiharibu ni sisi wenyewe.

Usiku mmoja baada ya sala ya isha tuliwakusanya watoto ili tuwasimulie visa vya Mitume. Mjukuu wetu mmoja, binti wa miaka 10, aliinua mkono. Mwingine ulishika karatasi aliyokuwa amechora roketi, na dirishani mwa roketi ile alichora mtu mwenye mtandio. Akauliza: "Babu, mtu aliye angani akitaka kusali, aelekee wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nasi, badala ya kuwanyamazisha, tukamjibu kwa ukali kwamba hayo ni maswali ya upuuzi, na kwamba yafaa ahifadhi juzuu yake kwanza kabla ya kuhangaika na habari za roketi. Hakulia. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaikalia, na kisa kikaendelea.

Tulipokwenda kulala, ahali yetu alituambia maneno machache tu: "Mtoto amekuuliza habari ya sala, nawe umemfukuza?"

Usingizi ulituruka. Tumesomesha mlango wa kibla kwa miaka mingi, tukaeleza hukumu ya aliye safarini na ya aliyepotea asijue upande. Swali la mtoto yule lilikuwa swali la fikihi, tena zuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hatukuwa na jibu. Aibu ya kutojua tuliivisha kanzu ya ukali, tukaipitisha mbele ya watoto kana kwamba ni hekima.

Siku ya pili tulisafiri sote kwenda Malindi, ambako jamaa zetu wametuachia nyumba karibu na bahari. Upepo wa kaskazi ulikuwa umetulia. Wanawake walitandika mikeka chini ya mivinje, samaki wa kupaka wakachomwa, maembe ngowe yakamenywa, madafu yakapasuliwa. Watoto waliogelea mpaka vidole vikanywea. Binti yetu aliogelea pamoja nao na alikula pamoja nao, lakini hakutuuliza neno. Yeye ambaye kwa kawaida hutuuliza kwa nini bahari ina chumvi na kwa nini kaa hutembea upande, alitusalimu kwa adabu asubuhi na jioni, basi. Mwenye kuwajua watoto atafahamu kwamba adabu ya namna ile ni adhabu.

Alasiri ya siku ya tatu tulimwona uani na chupa kubwa ya soda, kizibo cha mpira na pampu ya baiskeli. Tulimwendea, tukamwomba atufunze. Alitutazama kwanza kupima kama tunamfanyia mzaha. Kisha akaeleza: chupa hutiwa maji theluthi moja, ikazibwa, ikapinduliwa mdomo chini juu ya matofali, halafu hujazwa upepo kupitia mdomo wa tyubu uliopenyezwa katika kizibo. Upepo ukizidi nguvu, kizibo hutoka, maji hufyatuka chini, nayo chupa hupanda juu.

Tulisema kwamba tumefahamu: maji huisukuma ardhi, kama baharia anavyousukuma mchanga kwa upondo ili chombo kiende. Akatikisa kichwa. "La, Babu. Angani hakuna mchanga wala maji ya kusukuma. Roketi inatupa kitu nyuma kwa nguvu, na kile kinachotupwa ndicho kinachoisukuma yenyewe mbele. Ukirusha jiwe zito kutoka kwenye hori, hori si hurudi nyuma?"

Hori hurudi nyuma. Tumeliona hilo tangu utotoni wala hatukupata kulifikiria. Tulishika pampu, tukapiga mara 20 au zaidi. Chupa ilipita juu ya paa, na maji yake yote yakaishia kwenye kanzu yetu. Ahali yetu alicheka hadi akajishika ubavu. Binti naye alicheka, kisha akajizuia.

Tulijua kwamba kumcheza mtoto si kumtaka radhi. Basi tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri, tulikodi gari, tukaichukua jamaa yote kwenda Ngomeni. Tuliuvuka mto Sabaki, tukapita Mambrui, tukapita Gongoni penye mashamba ya chumvi, hata tukafika ufukweni. Huko mbali baharini palionekana majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yake majini. Watoto walidhani ni mitambo ya mafuta. Tukawaambia: "Pale ndipo roketi ziliporuka."

Binti alisogea mbele ya wenzake.

Tuliwasimulia tunayoyajua. Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walipachagua mahali hapa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irukayo kuelekea mashariki hupewa kasi ile bure, kama jahazi linalong'oa nanga pamoja na maji yanayokupwa. Tena mbele yake ni bahari tupu, hivyo vipande vinavyoanguka havimdhuru mtu. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, satelaiti 9 zilipelekwa angani kutoka kwenye maji haya ya Ngomeni.

Moja ilirushwa tarehe kama ile ile, 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, nayo ikaitwa kwa neno letu la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na ikaorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo. Na aliyeusimamia mradi ule kwa upande wa Marekani alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend.

"Mwanamke, Babu?"

"Naam, mwanamke."

Hapo ndipo tulipomwita kando, tukaketi naye juu ya dau lililopinduliwa, tukamwambia jambo ambalo hata mama yake hatukupata kumwambia. Mwezi wa Machi 1988 tulikuwa tukisoma madrasa Mambrui. Rafiki yetu, mtoto wa mvuvi, alitujia na habari kwamba roketi itarushwa, akatusihi tufuatane naye. Tulimwambia kwamba hiyo ni lahau, na sisi tuna kitabu cha kudurusu. Hatukuwa wakweli. Tulitamani sana kwenda, ila tulichelea kwamba wenzetu watatucheka. Rafiki yetu alikwenda peke yake, na kwa siku nyingi akawa anatusimulia jinsi moto ulivyopanda kutoka baharini. Tulijifanya hatumsikilizi. Tulijiambia kwamba ipo siku nyingine. Haikuwapo: roketi ile ndiyo ya mwisho kupeleka satelaiti angani kutoka Ngomeni, hadi hii leo.

Binti alinyamaza akiyatazama majukwaa. Kisha akauliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwetu tangu usiku ule: "Kwa hiyo uliogopa kuchekwa?"

Tulimwambia ndiyo. Tukamwambia pia kwamba alipouliza habari ya kibla tuliogopa vivyo hivyo, kwa kuwa hatukujua jibu. Kwamba swali lake halikuwa la upuuzi. Na kwamba tunamtaka radhi. Alisema, "Nimekusamehe, Babu," kwa sauti ndogo, akatukamata mkono.

Tulikuwa tumekwisha kulitafuta jibu. Oktoba 2007, katika siku za mwisho za Ramadhani, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda kwenda kituo cha anga, ambacho huizunguka dunia kwa takriban dakika 90. Wanavyuoni wa nchi yake walikaa wakamwandikia mwongozo. Aelekee Kaaba akiweza. Asipoweza, aelekee upande wa juu iliko Kaaba. Asipoweza, aielekee dunia. Na akishindwa, popote aelekeapo. Nyakati za sala zihesabiwe kwa saa za mahali aliporukia, sala tano kwa saa 24, wala si kwa kila jua linapochomoza na kutua. Tukamwambia pia kwamba Mei 2023, Rayyanah Barnawi, mwanamke wa Saudi Arabia, alifika katika kituo hicho hicho.

Wasomaji wetu, hasa akina mama na akina nyanya ambao ndio mnaoulizwa zaidi, hatuandiki haya kwa fahari. Tunayaandika kwa sababu tunajua nyumba nyingi zinazomjibu mtoto kama tulivyomjibu wetu. Al-Biruni, katika juhudi za kuutafuta upande wa kibla, aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali ilipo miji. Imam Malik, kwa ukubwa wa elimu yake, alisema "sijui" kwa maswali mengi aliyoulizwa. Sisi ni nani hata neno hilo lituone haya mbele ya mtoto wa miaka 10?

Tukiwa njiani kurudi Malindi, watoto wengine wamelala, binti alitugusa bega kutoka kiti cha nyuma. Karatasi yake ilikuwa imekunjuliwa mapajani, mikunjo ingali ikionekana. "Babu, na mtu akiwa mwezini kwenyewe, atauona vipi mwezi wa Ramadhani ukiandama?"

Tulitafakari tangu Mambrui hadi daraja la Sabaki.

"Sijui, mjukuu wangu," tukamwambia. "Tutatafuta pamoja."

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie kuwa wazazi wanaoulizika. Amin.