Mahali pa Kutua Mzigo

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, na kwamba kituo kinaporudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo. Ni nadra, hata hivyo, kukumbushwa kwamba istilahi hizi mbili zilitoka mabegani mwa watu kabla hazijaingia vitabuni. Kituo ni zao la kutua, yaani kuuweka mzigo chini. Kibwagizo ni zao la kubwaga, yaani kuuangusha mzigo chini kwa mara moja. Maana hizo zilinijia upya tangu Januari, mimi na wenzangu wanne tulipoanza kupanga safari ya siku kadhaa katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya. Katika makala haya ninanuia kumsimulia msomaji jinsi tulivyoipanga safari hiyo, na kwa nini ninashikilia kwamba siku yenye thamani kubwa zaidi katika ratiba ya mlima ni ile ambayo msafiri haendi popote.

Sisi ni wakazi wa Ruiru na Thika. Ruiru, ninakoishi, ilijulikana zamani kwa mashamba ya kahawa, na jina lake lingali midomoni mwa wakulima kutokana na Ruiru 11, aina ya mbuni iliyoanza kutolewa kwao mwaka 1985. Siku hizi mibuni mingi imeyapisha majumba ya kupangisha. Thika iko mbele kidogo, katika nchi ya mananasi na viwanda. Kukicha vyema baada ya mvua, mkazi wa Thika huuona Mlima Kenya upande wa kaskazini na Kilimambogo upande wa mashariki, kisha akaendelea na safari yake ya kazini. Miji yetu hii iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Batian kiko mita 5,199 na Nelion mita 5,188. Hivyo viwili huhitaji kamba na ufundi wa kukwea miamba. Cha tatu, Lenana, kina mita 4,985 na hufikiwa kwa miguu. Huko ndiko Kisoi Munyao alikoipandisha bendera ya taifa wakati wa uhuru, Desemba 1963. Nacho ndicho tulichokilenga.

Wazo lilikuwa la rafiki yetu mwalimu, anayefundisha katika shule moja ya upili mjini Thika. Mama yake anaishi Chogoria, na tamanio lake la miaka mingi lilikuwa kuupanda mlima kutoka upande wa pili, auvuke, kisha ateremkie mlangoni pa mama. Wengine tuliojiunga naye ni muuguzi wa Ruiru, wanafunzi wawili wa chama chetu, na mimi.

Njia zinazotumiwa zaidi ni tatu. Ya Naro Moru, upande wa magharibi, ndiyo fupi, na kwa hiyo ndiyo inayompandisha mtu upesi. Ya Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, ni ndefu na huinuka taratibu. Ya Chogoria, upande wa mashariki, husifiwa kwa mandhari yake: bonde lenye kuta za mawe na Ziwa Michaelson chini kabisa ya genge. Kwa vile mwalimu alitaka kushukia kwao, tuliafikiana bila mjadala mrefu: kupanda kwa Sirimon na kushuka kwa Chogoria. Tungepanda matatu Thika, tupitie Makutano, Sagana, Karatina na Naro Moru hadi Nanyuki. Na wakati wa kurudi, tupitie Chuka na Embu hadi Makutano tena. Hivyo tungekuwa tumeuvuka mlima kwa miguu na kuuzunguka kwa gari.

Mgogoro ulizuka katika hesabu ya siku. Mwalimu alikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula mwezi Februari, nayo ni siku 4 tu. Basi alileta ratiba iliyopigwa chapa vizuri. Siku ya kwanza: kutoka Lango la Sirimon hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili: hadi kambi ya Shipton, mita 4,200. Siku ya tatu: Lenana kabla ya jua kuchomoza, kisha kuteremka upande wa Chogoria. Siku ya nne: nyumbani. Ilikuwa ratiba safi, isiyo na saa hata moja iliyolala bure, na wengi wetu tuliipenda papo hapo.

Muuguzi hakuipenda. Alituuliza swali moja: "Usiku wa kuamkia safari mtalala wapi?" Tukajibu, nyumbani. Akatuonyesha kwa kalamu kwamba tungetoka mita 1,500 na kulala mita 3,300, kisha usiku uliofuata tulale mita 900 juu zaidi, na saa chache baadaye tuwe karibu na mita 5,000, mahali ambapo oksijeni inayopatikana katika kila pumzi ni takriban nusu ya ile ya pwani. Wataalamu wa tiba ya milimani, alieleza, hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asikipandishe kimo cha malazi yake kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne apumzike. Mwili huhitaji muda kuizoea hewa nyepesi. Usipopewa muda huo, kichwa huuma, chakula hukinai, usingizi hupaa. Mambo yakizidi, mapafu hujaa maji au ubongo huvimba. Mgonjwa hupepesuka na kusema yasiyoeleweka, naye anaweza kufa. Dawa ya kutegemewa ni moja: kumteremsha. Wala ujana si kinga. Mwenye nguvu mara nyingi ndiye huumia, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Akapendekeza siku ya ziada, siku ya kukaa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba siku ya kukaa haina mtetezi mbele ya bajeti. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku. Mwelekezi na wapagazi hulipwa kwa siku, kama ilivyo haki yao. Chakula nacho huliwa kila siku. Kila siku nyingine iliweza kujitetea: hii inatufikisha Shipton, ile inatufikisha kileleni. Siku ya kukaa haikuwa na kitu mkononi. Mwanafunzi mmoja, anayeishi kwa vibarua vya kupiga chapa, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna haja ya kulipia siku ambayo hatutaona kitu kipya. Halikuwa swali la upumbavu. Lilikuwa swali la mtu anayejua bei ya siku.

Tuliamua kumpigia simu mwelekezi wa Nanyuki tuliyekusudia kwenda naye. Alisikiliza pande zote mbili kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mgonjwa wa Old Moses hushushwa kwa gari. Mgonjwa wa Shipton hushushwa na mabega ya watu." Hakuongeza neno. Barabara ya magari yenye nguvu hukomea Old Moses. Kutoka hapo kwenda mbele ni miguu mitupu, mabonde ya Liki Kaskazini na Mackinder, mawe na matope. Kama kuna anayekaribia kuugua, ni heri ajulikane mahali ambapo gari linaweza kumfikia. Kwa hiyo siku ya kukaa haikuwa siku tupu. Ilikuwa siku ya kuwajua wenzako.

Mabega aliyoyataja mwelekezi yana historia ambayo sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kuikumbuka. Mwaka 1899, Halford Mackinder alipoongoza msafara wa kwanza kufika Batian, watu wake walikuwa Wazungu 6, Waswahili 66, viongozi 2 wa Kimaasai na Wakikuyu 96. Waliosimama kileleni tarehe 13 Septemba walikuwa watatu: Mackinder mwenyewe, César Ollier na Joseph Brocherel. Majina hayo yanajulikana. Wale waliobeba mahema na chakula wamebaki katika tarakimu. Lakini lugha ya wabebaji haikupotea. Kila tunapofundisha kituo na kibwagizo darasani, tunatumia msamiati wa watu walioelewa kwamba mzigo usiotuliwa kwa wakati humwangusha mwenye kuubeba. Mtunzi wa shairi hawezi kuishusha pumzi ya msomaji popote apendapo. Huitafutia mahali pake. Mpangaji wa safari hali kadhalika.

Mwalimu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alituandikia kwamba Februari haitoshi na kwamba afadhali tungoje likizo ya Agosti, ambayo pia huangukia msimu mkavu, kwani mvua za masika huwa zimekwisha na za vuli hazijaanza. Kwa wanne kati yetu lilikuwa jambo la kushukuru, ingawa Agosti itanikuta katikati ya tasnifu. Lakini kwa muuguzi lilikuwa pigo. Likizo yake ya mwaka ilikuwa imekwisha kupangwa Februari, nayo zahanati anayofanyia kazi haina mtu wa kushika zamu yake Agosti. Tulijaribu kumtafutia njia, tukakosa. Basi yule aliyeipigania siku ya kutua ndiye ambaye hatakuwepo siku hiyo ikifika. Tulipomwambia kwamba tungeweza kuirudisha safari Februari kwa siku zile 4, alikataa katakata. "Mimi sitaki kuwauguza," alisema, "nataka mrudi." Kisha akatuandikia orodha ya dalili kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, ili kila mmoja wetu, na wapagazi pia, aweze kuisoma jioni bila mkalimani. Katika kazi zote za kitaaluma nilizosoma mwaka huu, sijui kama kuna ukurasa nitakaouhitaji kuliko huo.

Kwa kuwa sasa hatukufungwa na kalenda ya Februari, tuliongeza siku ya pili ya kukaa, huko Shipton, na kuanza kuweka akiba ya fedha kidogo kidogo kila mwezi. Ratiba imekuwa ya siku 6. Siku ya kwanza, Old Moses. Siku ya pili, tunakaa: asubuhi tutapanda mwinuko bila mizigo, kisha turudi kulala palepale, kwa kanuni ya wapanda milima kwamba tembea juu, lala chini. Siku ya tatu, Shipton. Siku ya nne, tunakaa. Siku ya tano, Lenana alfajiri, kisha upande wa Chogoria. Siku ya sita, Lango la Chogoria, msitu wa mianzi, na mlangoni pa mama yake mwalimu.

Maandalizi mengine yanafuata mkondo huohuo. Mazoezi tunayafanya Kilimambogo, hifadhi ndogo iliyotengwa mwaka 1967, ambayo kilele chake kina mita 2,145. Kutoka langoni hadi juu ni kilomita 9 hivi, nasi hupanda tukiandamana na askari wa hifadhi, kwa maana mbogo waliolipa jina hilo wangalipo. Huko tunaijaribu mizigo. Mifuko tumeipima kwa mizani ya duka la nafaka, na kila kilichozidi kimetolewa. Kwangu mimi vilitoka vitabu viwili. Makoti mazito na kofia za sufu tumezipata katika mitumba. Tutapikia jiko la gesi, kwa kuwa nyasi za juu hushika moto upesi, kama ulivyoonyesha moto wa Machi 2012 na ule wa Februari 2019. Maji ya vijito tutayachemsha.

Jambo la mwisho tuliloliandika ni sharti la kurudi. Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mfungwa wa vita Nanyuki, alitoroka kambini Januari 1943 pamoja na wenzake wawili ili kuupanda mlima huu, baada ya miezi ya kuficha chakula na kuunda zana kwa siri. Mmoja wao alibaki chini kwa ugonjwa. Wawili walijaribu Batian wakashindwa, wakaenda Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini mwa wafungwa. Hata watu wale, ambao hawakuwa na ramani ya kutegemewa, waliyapa marejeo nafasi katika mpango wao. Sharti letu ni hili: mmoja wetu akipatwa na dalili zilizo katika ukurasa wa muuguzi, zisipopungua kwa kupumzika, atashuka pamoja na mwenzake mmoja, wala hapatakuwa na kura.

Wanachama wenzangu, huenda wengi wenu hamtaupanda Mlima Kenya. Lakini sote tuna ratiba, ziwe za masomo, za kazi au za kulea, na katika kila ratiba siku ya kutua ndiyo ya kwanza kufutwa pesa au muda vinapopungua, kwa kuwa haina la kuonyesha. Ninawasihi, kabla ya kuifuta, mwulize ni nani atakayelipia kufutwa kwake. Katika daftari letu siku ya pili ina maneno mawili tu: tunakaa wote. Jina la muuguzi tumeliandika kando yake, ingawa siku hiyo atakuwa zamuni Ruiru.