Njia ya Baiskeli Mbele ya Msikiti wa Whitechapel



Wasomaji wetu wapenzi, sifa zote njema ni za Allah aliyetusafirisha kwa salama na kuturudisha kwa watu wetu. Juma hili twapenda kuwasimulia barabara moja ya jiji la London iitwayo Whitechapel Road. Tulikuwa wageni wa jamaa zetu wa pwani waishio huko, na kila adhuhuri tukienda kuswali katika msikiti wa East London, uliojengwa kando ya barabara hiyo.

Lakini kwanza hatuna budi kuanzia nyumbani. Miezi michache kabla ya safari, mwanafunzi wetu wa madrasa aligongwa na lori alfajiri akija darasani kwa baiskeli. Alhamdulillah roho ilisalimika, ila mguu haujarudi kuwa kama ulivyokuwa. Tulipokwenda kumjulia hali, tulimwambia mamake kwamba hiyo ni kadari, na kwamba yampasa kusubiri na kushukuru. Akatujibu kwa adabu: "Maalim, nimesubiri na nimeshukuru. Lakini kesho mdogo wake atapita njia hiyo hiyo."

Hatukuwa na la kujibu. Tuliomba dua, tukaaga.

Maneno hayo tulisafiri nayo. Siku ya kwanza, baada ya swala, tulisimama nje ya msikiti tukitazama. Kati ya magari na wapita kwa miguu mna njia ya baiskeli peke yake, iliyotengwa kwa ukingo ulioinuliwa. Penye kituo cha basi, njia hiyo huzunguka nyuma ya kituo, ili mwenye baiskeli asilazimike kujitosa katikati ya magari. Alipita mzee mwenye kofia, taratibu kama aendaye sokoni. Akafuata mama aliyejistiri, mwanawe amekaa kiti cha nyuma.

Mwenyeji wetu alitueleza kuwa hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Njia hiyo ilipofunguliwa mwaka 2011, sehemu kubwa ilikuwa rangi ya buluu tu iliyopakwa juu ya lami. Na rangi haizuii lori. Mwaka huo huo waendesha baiskeli wawili walifariki penye mzunguko wa Bow, na wa tatu akafariki hapo Novemba 2013, mwezi ambao watu sita waliuawa wakiwa juu ya baiskeli jijini humo katika muda wa wiki mbili. Watu waliandamana, wakalala chini barabarani mfano wa maiti. Ilipofika mwaka 2016, njia ilikuwa imejengwa upya kwa ukingo.

Mwaka 2018 jiji likatangaza mpango uitwao Vision Zero, wenye lengo kwamba ifikapo 2041 asiwepo mtu wa kuuawa wala kuumizwa vibaya barabarani. Katika barabara nyingi mwendo umeshushwa hadi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Lori kubwa haliingii jijini bila kibali, na hicho hutegemea dereva aweza kuona kiasi gani kwa macho yake akiwa kitini. Hawajafika, watu wangali wanafariki. Lakini kila anapokufa mtu, huulizwa njia ilikuwa na kasoro gani.

Tulisikia pia habari za Cycle Sisters, kundi la wanawake wa Kiislamu lililoanza huko mwaka 2016. Kinamama hutoka pamoja na hijabu zao, wenye uzoefu wakiwaongoza wageni. Njia ikiwa na amani, hata aliyekuwa akiogopa hutoka.

Ndugu zetu, Bwana Mtume (SAW) alimfunza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola. Akatufunza pia kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Hadithi hizo tumezisomesha miaka mingi, tukidhani udhia ni mwiba na jiwe. Lori lendalo kasi mbele ya mlango wa madrasa tuliliacha lipite. Twaiamini kadari, wala hatutaacha kuiamini. Kosa letu ni kuitumia kumnyamazisha mama aliyekuwa akiuliza swali la haki.

Tuliporudi, tulikwenda kwake tukamtaka radhi. Kisha wazee na kinamama wa mtaa tukaketi, tukaiandikia kaunti barua. Tumeomba matuta kabla ya mlango wa madrasa, ukingo wa kuwatenga waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na taa ya kumulika alfajiri. Mama yule alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Barua imepokewa na kupigwa muhuri, jibu twalingojea.

Hadi litakapokuja, wazee wawili husimama kivukoni kwa zamu kila alfajiri, wakiwa na tochi. Yule mdogo wake hupita hapo akatusalimia, nasi twamtazama mpaka aingie mlangoni.

Allah awahifadhi watoto wetu na atupe tawfiki ya kutimiza wajibu wetu. Amin.