Whistler: Kwanza Kibarua, Halafu Theluji

Picha zisikudanganye, msomaji! Whistler, Kanada, walikoshindania skii za Olimpiki mwaka 2010, kijana wa msimu anaanzia jikoni. Desemba hadi Aprili nimeosha vyombo hotelini. Mshiko wote uliishia kwenye kodi ya chumba, tumebanana wanne. Malipo yenyewe hasa ni kibali cha kupanda bure vile viti vya kamba hadi juu mlimani. Zamu ikiisha, huyoo! Wiki ya kwanza ni mieleka tu, makalio yanakoma. Dawa yake: kunja magoti, kutanisha ncha za mbele za skii, tanua visigino, mwendo unapungua wenyewe. Kama unatafuta utajiri, baki mjini. Kama unautaka mlima, sugua masufuria!