Sumu ya Nyuki Ilifika Kwenye Figo



Mimi ni mrina asali. Kijiji chetu kiko katika Mkoa wa Tabora. Kazi hii nilifundishwa na kaka yangu mkubwa.

Siku moja kaka alipanda mti kushusha mzinga. Kamba ilikatika. Mzinga ulianguka ukapasuka. Nyuki walitoka kwa hasira, wakamvamia. Alishuka upesi, lakini walikuwa wamekwisha mwuma mwili mzima. Nyumbani tulimng'oa miiba zaidi ya 100.

Kaka alitapika. Jioni akapata nafuu. Nilimwambia, "Kaka, twende hospitali."

Akajibu, "Mdogo wangu, nyuki wameniuma tangu utotoni. Nitapona tu."

Nami nikakubali. Hilo lilikuwa kosa langu.

Kesho yake mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Siku ya tatu mkojo ukawa kidogo sana. Uso na miguu vikavimba. Ndipo tukampeleka hospitali.

Daktari alitueleza hivi. Sumu ya nyuki wengi haibaki kwenye ngozi. Huingia katika damu. Huharibu chembe nyekundu za damu, na huharibu misuli. Mabaki yake huenda kwenye figo. Figo ndizo chujio la mwili. Sote tunajua kwamba chujio likijaa machicha, maji hayapiti. Figo za kaka ziliziba namna hiyo. Uchafu ukabaki ndani ya damu.

Kaka alisafishwa damu kwa mashine. Alilala hospitali wiki tatu. Kisha figo zake zikaanza kazi tena, akapona.

Ndugu zangu, nyuki wakikuvamia, kimbia uingie ndani ya nyumba. Ng'oa miiba haraka, maana mwiba ulioachwa huendelea kuingiza sumu. Mtu aliyeumwa na nyuki 50 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anajiona mzima. Mtoto apelekwe hata kama walikuwa wachache kuliko hao. Tena wako watu ambao nyuki mmoja tu huwadhuru. Mtu akivimba midomo au akishindwa kupumua, msingoje hata kidogo.

Mimi nilitazama uvimbe wa ngozi, nikadhani umepungua. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani. Msikosee kama mimi.